Kinachorudi Ndani ya Chupa

Kazi yangu ni kuhesabu kinachorudi.
Kila baada ya miezi mitatu huja na chupa zao,
wameinamia upepo, wameshika kamba
ambazo manispaa ya Punta Arenas hufunga nguzo kwa nguzo
wazee wasipeperushwe kama risiti.
Huvua glavu. Huketi.
Nami humwaga vidonge kwenye sinia,
nikavisukuma kwa kijiti viwili viwili
kama mtu anayechambua mchele,
na kuandika: vilivyotolewa, tisini na viwili;
vilivyorejea, vinne.
Siulizi vinne hivyo vilisahauliwa usiku gani.

Swali letu ni moja tu:
vitamini D, ikimezwa miaka mitatu mfululizo,
humzuia mzee asianguke?
Maana huku mwezi wa Juni jua huchomoza saa nne asubuhi,
likatambaa juu ya mlangobahari
kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutembea wodini,
na kabla ya saa kumi na mbili limesharudi kitandani.
Wazee wenyewe wanaviita vidonge jua la chupa.

Nusu yao wanameza vitamini.
Nusu wanameza mafuta ya alizeti
ndani ya ganda lile lile, rangi ile ile ya asali.
Mgonjwa hajui. Daktari hajui. Mimi sijui.
Upofu wa pande mbili, ndivyo tunavyouita,
na nalipwa mshahara kuulinda.

Mzee Abelardo Mansilla alikuwa akiwapa kuku wake.
Alikiri mwaka wa kwanza haujaisha, bila haya,
na mayai sita ameyafunga kwenye soksi ya sufu:
"Pasua moja, nesi. Tazama kiini.
Hayo si mafuta matupu."
Mayai tuliyala. Takwimu zake tukazifuta.

Halafu Bi Eduvigis Barría, namba 117,
na mumewe Olegario, namba 118,
mkata manyoya ya kondoo, vidole kama mizizi.
Walikuja pamoja, wakabishana pamoja
nani kasahau kidonge Jumapili ya kanisa.
Agosti ya mwaka wa pili Olegario akafa.
Hakuanguka. Alikuwa amekaa,
kikombe cha mate kingali na joto mkononi.

Oktoba bibi akaja peke yake na chupa yake, tupu.
"Na ile ya marehemu?" nikauliza, kalamu tayari.
"Nimeimaliza. Changu asubuhi, chake jioni.
Vilibaki sabini na kimoja.
Ulitaka nimwage chakula cha mtu?"

Niliandika: *mshiriki 117, amekiuka masharti, aondolewe.*
Mwandiko wangu siku ile haukusomeka;
msimamizi alinirudishia fomu mara mbili.

Mwaka uliofuata bahasha zikafunguliwa.
Miaka mitatu, watu mia nne na kumi na wawili,
friji mbili, jenereta moja, mimi na kijiti changu,
na jibu likaingia katika mstari mmoja:
hapana tofauti ya kutajika.
Walianguka waliomeza jua,
wakaanguka waliomeza alizeti,
barafu ya mlangoni haikumuuliza mtu kundi lake.

Kanuni inasema kila mshiriki aambiwe alichomeza,
hata aliyeondolewa. Nikampigia simu.
"Chako kilikuwa mafuta, Bi Eduvigis.
Cha Olegario ndicho kilichokuwa na vitamini."

Nilisikia bati la paa lake likigonga,
likigonga, nikadhani simu imekatika.

"Mchoyo yule," akasema.
"Miaka miwili tunalala kitanda kimoja,
jua analo yeye, na miguu ya baridi
anaiweka kwangu."
Akacheka mpaka akakohoa.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayekumbuka chungu kiko motoni:
"Ile chupa yake bado unayo?"

Ninayo. Naweka vibanio vya karatasi.
Kesho nitavimwaga.