Hodi ya Siku ya Kumi na Nne

Mufindi, Agosti inakwisha. Ukungu umelalia chai
kama mgeni asiyejua kuaga.
Mhongole amekwisha chemsha maji.
Anamsemesha jike wake polepole, "Kamwene, Shilingi, kamwene,"
naye anajibu kwa sikio moja.
Shilingi, kwa ajili ya ile doa nyeupe, duara,
katikati ya paji la uso.

Mei alinyamaza kabisa.
Dume lilipopitishwa nje ya boma
alilitazama kama mtu anavyotazama basi la njia nyingine.
Nikamweleza Mhongole: farasi haoni kalenda, anaona mchana.
Usiku ukirefuka, kichwani mwake hudondoka homoni ya giza,
na ovari hulala, ngumu, ndogo, kama karanga za mwaka jana.
Akacheka. "Kwa hiyo tumdanganye?"
Tumdanganye.

Tukafunga taa. Kila jioni hadi saa nne za usiku
Mhongole alikaa na jike katika mchana wa kununua,
koti la mvua, redio, mahindi ya kuchoma.
Msonobari ukaangukia nyaya, umeme ukakatika siku tatu;
akaenda kuazima sola ya kanisa.
Siku ya sitini na tano Shilingi akainua mkia.

Sasa mkono wangu umo ndani yake hadi kiwiko
na macho yangu yapo kwenye kioo.
Hii pembe ya kushoto. Kijivu. Kijivu.
Hii pembe ya kulia. Na hapo,
gololi nyeusi.

Mhongole havuti pumzi.
Napima, naandika, nahamia ovari:
donge la manjano lipo kazini,
linamwaga ile homoni yake ya kusema tulia, tulia,
usibomoe, kuna mtu huenda anakuja.
Narudi kuiangalia gololi. Haipo.
Ipo kushoto.
"Mapacha?" anauliza, sauti imempanda.
Hapana. Ni yule yule. Anatembea.

Ndivyo walivyo hawa.
Mimba ya farasi haipati kwao mara moja.
Inazunguka mji mzima wa mimba, pembe hadi pembe,
inabisha kila ukuta, hodi, hodi,
maana ukuta mmoja usiposikia
utatuma sumu ya kuliyeyusha lile donge,
na nyumba itajivunja ikidhani haina mgeni.
Sisi tumefundishwa hodi tatu, kisha uondoke.
Huyu hana pa kuondokea.
Anabisha usiku na mchana, hana mkono, hana mdomo,
hana hata moyo bado.

Ya kwetu haitembei.
Inajishikiza mahali pamoja na kuita kutoka pale pale.
Yangu iliita siku tisa.
Mafinga, benchi la bluu, nesi akageuza karatasi
akasema pole Dokta, kama anayenirudishia chenji pungufu.
Sikuuliza ni ukuta upi haukusikia.
Jumatatu nilikuwa kazini, nilipima ng'ombe kumi na mmoja.

"Atakaa lini?" Mhongole anauliza.
Kesho kutwa, nasema. Siku ya kumi na sita hukwama
kwenye kona moja, haondoki tena.
Nasema hukwama. Nilitaka kusema hufika.

Navua glavu. Maji yamepoa, nanawa hivyo hivyo.
Mhongole amepaka kiganja chumvi, Shilingi anakilamba,
hajui lolote, mkia unafukuza nzi ambaye bado hajaamka kwa baridi.
Ukungu umeanza kupasuka upande wa Sao Hill.
Mwanga wa kweli, wa bure, unaingia dirishani,
na taa yetu imesahaulika ikiwaka.

Naizima. Kisha, sijui kwa nini,
nabandika sikio kwenye ubavu wake wa joto
mahali ambapo hakuna cha kusikika.