Dodoso

Nesi Aksinya amevuta kiti karibu na dripu,
karatasi mapajani, kalamu mkononi.
"Wiki iliyopita," anasoma, "ulipata taabu
kufunga vifungo vya nguo?
Moja ni hapana, nne ni sana."

Andika tatu, namwambia.
Simwambii kwamba koti langu la manyoya
lina vifungo kumi na kimoja,
kwamba Dyulustan mume wangu
hupiga magoti kila alfajiri, akaanzia chini
kama mtu apandaye ngazi,
na akifika kooni hunitazama,
kisha hutazama pembeni, upesi, kama mwizi.
Duara la tatu ni dogo. Hilo haliingii.

Miaka ishirini na sita nimeuza samaki Yakutsk,
sokoni, nje, nyuzi arobaini chini ya sifuri,
samaki wamesimama wima ndooni mfano wa kuni,
macho meupe kwa barafu.
Niliwashika kwa mikono mitupu
huku nikihesabu chenji.
Wenzangu walinipa jina: Tuyaara Koleo.

Sasa dawa hii iniingiayo tone kwa tone
imenigombanisha na baridi.
Nagusa kitasa cha mlango: sindano.
Nanywa maji yasiyopashwa moto: koo linajifunga.
Navuta pumzi uani, na taya linakataa kusogea.
Kugombana na baridi, Yakutsk!
Afadhali ningegombana na serikali.

"Hamu ya kula?"
Mbili. Kila kitu kina ladha ya sarafu,
nami sarafu nimezishika za kutosha.

"Usingizi?"
Usingizi upo. Tatizo ni saa tisa za usiku,
ninapoamka na kukuta bado ni mimi.
Aksinya anasubiri namba.
Tatu, basi.

"Ulijiona mzigo kwa jamaa zako?"
Hata hilo limo?
Anageuza karatasi kunionyesha. Limo, ukurasa wa pili,
kati ya kuharisha na gharama za nauli.
Andika nne.
Hapana, futa. Andika mbili.
Futa.
Anafuta mpaka karatasi inachubuka.

Meza yangu sokoni ameishika Sayaana, binti yangu.
Hajui biashara. Huwapunguzia bei wenye watoto,
huwaamini wenye kuahidi kulipa Ijumaa.
Mizani iliharibika mwezi wa pili wa matibabu,
ikawa inasema kweli siku moja, siku mbili uongo.
Ndipo alipoanza kunipigia simu hapa, kitini:
"Mama, sikiliza huyu."
Naye hugonga samaki mezani.
Ko.
Nafumba macho. Mkia umekonda, tumbo lina mayai,
ameganda mpaka kwenye uti.
"Kilo tatu na robo," nasema.
Kule upande wa pili, mteja mbishi
humpeleka samaki kwenye mizani ya jirani,
na kimya huwa kirefu,
halafu nasikia soko zima likicheka,
kicheko chenye mvuke, nauona ule mvuke,
na vidole vyangu, hivi vilivyokufa ganzi,
vinakumbuka kazi.

"La mwisho," anasema Aksinya.
"Kwa jumla, ubora wa maisha yako
kwa wiki nzima iliyopita ulikuwaje?
Hili linakwenda hadi saba."

Nahesabu. Siku mbili za kutapika.
Siku moja ya kulia, bila sababu, juu ya soksi.
Nywele kwenye mto, nyingine kwenye supu.
Vifungo kumi na kimoja, mara saba.
Samaki kumi na tisa.
Nilikosea mmoja tu,
naye alikuwa na jiwe tumboni.

"Tuyaara? Namba gani?"

Ngoja kidogo, nesi.
Simu inalia.