Mkalimani wa Pepo

Kazi yangu ilikuwa kusimama hatua mbili nyuma ya mhubiri,
kipaza sauti cha pili mkononi, kile chenye waya mbovu,
na kusema alichosema.
Akiruka, naruka. Akilia, nalia nusu.
Mia tano kwa siku, soda,
na nauli ya kunirudisha Manyatta.

Mhubiri alikuja kwa ndege. Kiswahili hakujua,
Kijaluo ndio kabisa.
Mapepo ya Kisumu nayo hayakujua Kiingereza.
Basi kati ya mbingu na kuzimu, jioni ile Kondele,
palikuwa na mimi tu, Ogweno,
D ya hesabu, B ya Kiswahili.

Cheka. Lakini hebu niambie,
pepo huambiwaje litoke?
"Toka" ni la mbwa jikoni.
"Ondoka" ni la mpangaji aliyechelewesha kodi.
"Tafadhali" halifai.
Nilichagua "toka", nikaongeza "wuogi" kwa lugha ya mama,
"toka, wuogi, toka", mpaka mate yakanikauka,
na umati ukaitikia
kama watu wanaofukuza kuku kwenye mtama.

Akaletwa Akeyo, wa kidato cha kwanza.
Tangu Agosti hali, hasemi,
usiku anasaga meno.
Shangazi alimshika bega, viatu vyake vikabaki njiani.
Alianguka juu ya turubai, akatetemeka,
na mhubiri akauliza kama ilivyo desturi: jina lako nani?
Nikauliza.

Akatulia.
Akafungua macho, akanitazama mimi, si mhubiri,
maana mimi ndiye niliyesema naye.
Akataja jina.
Jina la mtu. Mtu aliyeketi mstari wa mbele,
tai nyekundu, kiti cha plastiki,
aliyelipia hema, anayemlisha, anayemlaza.
Akasema, polepole, kama anayeagiza dukani:
"Huyo. Mtoeni huyo."

"Linasemaje?" akauliza mhubiri.
Umati kimya. Jenereta tu.

Nikasema: linasema ni pepo la ziwani.

Likakemewa kama la ziwani.
Likamwagiwa maji kama la ziwani.
Akeyo akakohoa, wakapiga vigelegele: limetoka!
Mtu wa tai nyekundu alipiga makofi
kuliko wote.

Watu wakikosa husema, shetani alinipitia,
kana kwamba shetani ni basi la Busia, halisimami hapa.
Mimi hakunipitia.
Alishuka. Akaagiza chai.

Kwa sababu neno lililonyimwa njia halifi.
Mdomo wangu ulikuwa mlango,
nikaufunga jina likiwa ndani.
Linanipanda nikinyoa ndevu. Linanipanda nikihesabu chenji.
Nimejaribu mafuta ya upako, nimejaribu chang'aa ya Nyalenda,
nimehamia Nakuru miezi saba, kule London,
kila asubuhi nikitazama mvuke wa Menengai
nikijiambia, hata ardhi hutoa yaliyo tumboni, sembuse wewe.
Nikarudi nalo, zima, limenenepa.

Mwaka jana, Jumapili, sokoni Kibuye,
mwanamke anachoma mahindi,
anapepea makaa kwa kipande cha katoni ya sabuni.
Nilimjua kwa macho.
"Hamsini," akasema.
Nikampa mia mbili nikageuka.
"Chenji yako!"
Mimi niombaye msamaha kwa lugha tatu kwa ufasaha
nilipunga mkono tu, bila kutazama nyuma, yaani baki nayo.
Kupunga. Angalia neno lenyewe.
Wengine hupunga pepo likatoka,
mimi nilipunga nikatoka mimi, pepo likabaki.

Mahindi niliyala yote. Yalikuwa mabichi katikati.

Leo alfajiri, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa
ili jirani asisikie,
nimelisema jina lile kwa sauti.
La kwanza tu.
La ukoo bado.