Sentimita Tatu

Jumamosi, saa tatu usiku, Umoja.
Mezani kuna ugali uliobaki, bili ya maji,
na karatasi ambayo Mumbua ameigawa kwa mstari katikati:
huku Mto Radi, kule Bwawa la Vyura.

"Mto Radi, baba, una bomba la kuteleza
linazunguka mara tano, kisha linakutema."
Amelitamka hilo *linakutema*
kama mtu anayetaja pilau.
Ana miaka kumi na mitatu. Mwaka huu ametoka nasi
kwenda kanisani tu, tena hatua kumi nyuma.
Akikubali kukaa nasi mchana mzima,
hilo si jambo la kulitupa.

Ila langoni mwa Mto Radi kumesimama ubao
wenye mamba wa kuchorwa, ulimi nje,
na asiyefika puani pa mamba hapandi.
Mia moja na ishirini.
Kyalo ana mia na kumi na saba.
Tumempima kwenye fremu ya mlango wa jikoni
mara nne tangu chai ya jioni;
mara ya tano kaja na viatu vya shule,
magazeti ndani.
"Watu huteleza pekupeku," dada yake akamwambia,
na uso wa kijana ukashuka sentimita nyingine mbili.

Bwawa la Vyura ni nafuu kwa mia nne kila kichwa.
Maji ya magotini. Chura wa saruji anatapika
juu ya watoto wa nepi.
"Mimi si wa nepi," Kyalo anasema.
"Nami si yaya," anasema Mumbua,
na mama yao, Ndinda, anapiga upya hesabu ya nauli
nyuma ya risiti ya unga,
kwani Mto Radi uko mbali, ng'ambo ya Ruai,
na chakula cha nyumbani hakiingii:
chapati zitapekuliwa kama silaha.

Mimi nimekaa kimya, najifanya mwamuzi.
Ukweli niuseme hapa, maana hapa hawasomi:
naogopa maji.
Kwetu Mwingi maji yalikuwa ya kubebwa,
hayakuwa ya kukubeba.
Punda wawili, mitungi minne, asubuhi nzima,
na tone lililomwagika lilikuwa na jina la aliyelimwaga.
Nani angenifundisha kuelea? Juu ya nini?
Kura yangu nimeipiga moyoni:
Vyura, Vyura, magotini.

Hata sasa, bafuni, bomba limeachwa wazi, kavu,
ili likikohoa usiku tuamke, tukinge.
Wiki hii limekohoa mara moja.
Na sisi hapa tunabishana
ni wapi pana maji zaidi.

Mama yangu, Syombua, aliyekuja kliniki ya macho
akakaa, alikuwa akichambua maharagwe.
"Mnalipa," akauliza, "ndipo wawaloweshe?"
"Ndiyo, susu."
"Na mnarudi nayo?"
"Na nini?"
"Hayo maji."
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akapeta, akapuliza maganda, kisha:
"Lipi lina kivuli?"

Mumbua akaitazama karatasi yake.
Huku mistari kumi na mmoja, kule sita.
Kivuli hakikuandikwa popote.

Saa kumi alfajiri bomba likakohoa.
Tukakinga kwa ndoo, kwa sufuria, kwa beseni lenye ufa.
Kyalo akaja, jicho moja limefumba,
akasimama mlangoni, visigino ukutani:
kasikia shuleni kwamba mtu akilala hurefuka.
Ndinda akamwekea rula utosini.
Nikaiona rula ikiinama kidogo,
ikasita, ikanyooka tena.

"Ngapi?"

Maji yalikuwa yakipiga kelele ndani ya ndoo,
sikusikia alichojibiwa.
Nilimsikia Mumbua tu, sufuria mkononi,
akisema bila kuulizwa na mtu:
"Kwani kule kwa Vyura kuna kivuli.
Niliona pichani. Mgunga, mkubwa."

Baadaye nikaitafuta ile picha kwenye simu yake.
Hapakuwa na mti.

Nikapakia mwavuli.