Swali la Tano

Kila muhula wa tatu, hapa Shika Adabu,
naandika ubaoni swali lile lile:
*Umeokota noti ya mia mbili njiani. Utafanya nini?*
Miaka kumi na mmoja nimesahihisha jibu moja
kwa tahajia mia:
nitamrudishia mwenyewe, nitamregeshea mwenyenwe.
Napiga vema, napita.
Mwachofi peke yake aliwahi kuandika
*nitanunua viazi karai, halafu nitatubu.*
Nilicheka, nikampa nusu.

Mwaka huu shule ilifungwa wiki tatu.
Vikaratasi vilipenyezwa usiku chini ya milango,
havina sahihi, vina tarehe.
Yaliyofuata siyasimulii. Waliokuwapo wanayajua,
na ambao hawakuwapo wanayasimulia vizuri zaidi.
Nitasema tu kwamba feri ilivusha magodoro kutwa kucha,
na kwamba mheshimiwa aliyetuambia tuamke
usiku ule alilala Nyali, nyuma ya geti.

Tulipofungua, nafasi kumi na saba zilikuwa tupu.
Nikaita majina kwa mazoea:
Wayua Mutinda.
Ouko Aringo.
Gathoni...
"Walienda kwao, mwalimu," sauti ikatoka nyuma,
kama anayenisahihisha.

Kwao.
Wayua alizaliwa zahanati ya Mtongwe.
Mimi ndiye niliyemshikia mamake beseni.

Nikaandika swali la tano.
Nilitaka kitu kimoja tu kiwe hakijabadilika.
Mbeyu akanyosha mkono, Mbeyu wa dawati la mbele,
anayelia akikanyaga konokono:
"Mwalimu, hiyo noti ni ya nani?
Yetu au yao?"

Hakuna aliyecheka.
Watoto thelathini na wawili, kalamu juu, wakingoja
kana kwamba nimesahau kumalizia swali.

Hakuwa na ukorofi. Nataka ujue hivyo.
Aliuliza kama anayeuliza kuhusu pambizo,
iwe sentimita mbili au tatu.
Adabu ameishika, kaishika kwa mikono miwili;
ni sisi tuliompa hiyo ya kushika.

Dirishani Bakoko alikuwa na kikebe cha jometri.
Kifuniko kimekwaruzwa kwa pini: W. M.
Nikamwendea. Nikafungua kinywa.
Nikaikumbuka cherehani.

Iko chumbani mwangu, chini ya shuka la maua.
Ya mamake Wayua.
Namtunzia, ndivyo ninavyomwambia mume wangu,
naye huitikia bila kuinua macho.
Wiki ya kwanza niliifunika.
Wiki ya pili niliitia mafuta, isije ikashika kutu.
Juzi nimeshonea mapazia.

Sijui mtoto aliona nini usoni pangu.
Alikisogeza kikebe, akanong'ona:
"Namtunzia."
Neno lile lile. Hata mkato wa sauti ni wangu.

Sasa ni saa nne usiku, nina madaftari na kalamu nyekundu.
*Kama ni ya mwenzetu nitarudisha.*
*Kama ni yao ni bahati yangu.*
*Nitamuuliza jina kwanza.*
Tahajia safi. Muhula huu wamekazana.
Sijapiga vema. Sijapiga kosa.
Ningepiga kosa kwa mkono upi?

Nambari iko katika rejista ya karo.
Nimeipiga. Imeita mara nne.
"Haloo?" akasema, nyuma yake sufuria inafunikwa,
watu wanaongea Kikamba,
na sauti ninayoijua, imekuwa nzito kidogo:
"Ni nani huyo, mama?
Ni wa kule?"

Nimeishika simu.
Dirishani pazia linajaa upepo, linatua.
Sindano bado ina uzi wangu.