Sentimita Hamsini na Tatu

Mwanashee alitaka ile inayofua na kukausha,
mlango wa kioo mbele, kama jicho la pweza.
Mimi nilitaka mbili, moja mgongoni mwa mwenziwe.
Tulibishana hadi uji ukaganda.

Nikapima.
Kichochoro cha Mkomani: punda anapita na shehena yake.
Mlango: inapita, ukitolewa ubawa mmoja.
Ngazi, pale inapokunja kona,
pale jeneza la babu lilipoteremshwa wima:
hamsini na tatu.

Dukani kila kitu kilikuwa sitini.

Na maji yetu ni ya kisima.
Fundi Bwanadi aliyaonja, akatema:
“Haya yatakula chuma kabla mkopo haujaisha.”
Tokeni za umeme nazo, zikisikia tu neno kukausha,
hukimbia kama wadeni.

Basi tumenunua ya plastiki, matangi mawili,
nyembamba, haina jicho.
Inafua. Inakamua. Ikikamua hutembea sakafuni kama mlevi,
mpaka Mwanashee aikalie.

Kamba iko palepale juani.
Mwezi wa tano, mvua ikishika,
shuka zitatundikwa juu ya kitanda,
nasi chini yake, tukinukia sabuni,
tukiuanza ubishi upya.