Mizani ya Lango la Pili

Mimi ndiye ninayepima malori, hapa Tororo,
lango la pili, kibanda cha bati chenye dirisha moja
linalotazama Mwamba.
Lori tupu, tani kumi na nne. Lori lililojaa, hamsini na sita.
Tofauti ndiyo saruji. Kazi yangu ni kutoa.

Zamani nilikuwa ndani, kwenye kinu,
gololi za chuma zikisaga usiku na mchana.
Vizibo vya masikio viliisha mwezi wa tatu,
vikaletwa wa kumi na moja.
Sikusikia vilipoletwa.

Usinihurumie, bado sijamaliza.

Daktari wa Mbale alinichorea mstari unaoshuka,
akaandika: la kulia, basi; la kushoto, kidogo.
Ofisini wakanipa fomu. ULEMAVU: weka alama.
Mkono wangu haukutetemeka.
Kalamu ndiyo iliyogoma.

Wakanihamishia mizani. "Huku kuna kimya," alisema Bwana Emuron
(niliiona midomo yake),
kana kwamba kimya nilikiomba.

Madereva hawajui. Wanapiga honi.
Wanapiga tena. Kisha wanashuka na sura zao,
na hizo nazisikia vizuri.
Mmoja wa Malaba aligonga dirisha mpaka likapata ufa.

Watu hudhani kusoma midomo ni bure.
Midomo yenye masharubu, midomo inayotafuna muwa,
Kiswahili cha Busia, Kiteso, Kipadhola,
Kiingereza cha mhasibu kinachopitia puani,
yote huingia kwa macho haya mawili.
Ikifika saa tisa macho yamechoka kusikia.
Nyumbani, mwanangu Awor ananisimulia ya shule
nami nayafumba. Anadhani nimekasirika.
Hilo halimo kwenye fomu.

Desemba wakatufanyia Siku ya Ujumuishi.
Hema, soda, fulana za njano.
Mgeni kutoka Kampala alituzungumzia dakika arobaini
kipaza sauti kikiwa kimemfunika mdomo.
Nikapiga makofi walipopiga wengine.
Anyait wa stoo, mwenye magongo, alikuwa na tuzo yake,
na jukwaa lilikuwa na ngazi tatu.
Wakamletea chini. Alicheka.
Mimi husoma vicheko kwa karibu:
hakikuwa kicheko.

Oboth, fundi umeme, hakutoa hotuba.
Jumamosi moja alikuja na waya
na taa ya nyuma ya lori lililokufa,
akaunganisha na bamba la mizani.
Gurudumu likikanyaga, mezani kwangu panawaka wekundu.
Akaigeuza meza ikatazama mlango.
Akauelekeza uso wake kwenye mwanga, akauliza:
"Na nini kingine?"

Na nini kingine.
Miaka mitatu, na sikuwa nimeandaa jibu.
Nikasema: dakika kumi, saa nane, za kufumba macho.
Akaandika kiganjani.
Emuron alikataa, kisha akakubali,
kisha akasahau kwamba alikataa.

Marehemu baba, mtu wa reli,
alinifundisha mizani nyingine,
silabi nane kwa nane, kwa vidole juu ya goti.
Hizo kinu hakikuzipata.
Dakika zangu kumi nazitumia hivi:

*Lori limebeba tani, arobaini na mbili,*
*Mimi nimebeba nini, nani aulize hili?*
*Uchovu umo machoni, haupimwi kwa ratili,*
*Taa nyekundu mezani,*

na hapo imewaka kweli.
Utao utasubiri.
Anashuka dereva, ni yule yule wa Malaba,
mdomo umeshaanza kabla hajafika.
Anauona ufa. Anapunguza mwendo.
Vua kofia, namwambia, simama hapa penye mwanga,
anza upya.